Mashuka ya mgonjwa hayasubiri jua

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia kwa uchungu. Anaishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya kupanga, pamoja na mumewe, watoto wawili na mama mkwe ambaye amepooza upande mmoja tangu alipopata kiharusi mwaka jana. Mama huyo hawezi tena kujizuia haja ndogo usiku, kwa hiyo mashuka yanabadilishwa kila asubuhi, na siku nyingine mara mbili. Mwenye nyumba amekataza kuanika nguo kwenye baraza la mbele, eti jengo linaonekana kama soko la mitumba. Masika yameingia. Mume anataka kununua mashine ya kukaushia nguo. Wifi yake, anayekuja kila Jumapili kumwona mama, ametamka mbele ya wageni kwamba mwanamke anayekaushiwa nguo na umeme ameshachoka ndoa.

“Nisaidie,” anamalizia. “Tununue au nivumilie?”

Barua za kuanika nguo huja kila mvua zinapoanza, ila nyingi ni nyepesi kuliko hii. Mmoja analalamika sare za shule zinanuka uvundo Jumatatu asubuhi, mwingine kagombana na mpangaji mwenzake kwa kusogezewa nguo zake kwenye kamba. Hii ina mgonjwa ndani yake. Nitajibu la mashine kwanza. La wifi litafuata, halina maneno mengi.

Tuanze na hesabu. Mashine ya kukaushia ni hita, feni na pipa linalozunguka. Zile za kawaida huvuta wati 2,000 hadi 3,000, na mzigo mmoja wa nguo za pamba zilizolowa unakula kama uniti 3, wakati mwingine 4. Mteja wa kawaida wa LUKU analipa karibu Sh356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Kwa hiyo uniti 3 ni kama Sh1,070 kwa mzigo. Kausha mara nne kwa wiki, mwezi ukiisha umetumia karibu Sh18,000. Kwa nyumba yenye mishahara miwili hizo si fedha za kuvunja ndoa. Lakini kwa familia iliyo kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, mashine peke yake itameza uniti 50 na zaidi, na friji, taa na pasi vitaisukuma familia nje ya unafuu huo. Hapo ndipo mtu anasema LUKU inamwibia, kumbe mwizi amekaa chooni anazunguka.

Ipo aina inayotumia pampu ya joto, inayotumia tena joto lile lile badala ya kulitupa nje. Hula karibu nusu ya umeme huo. Dukani bei yake ni kubwa zaidi na inachukua muda mrefu kukausha, lakini kwa anayekausha kila siku kwa miaka, ndiyo ninayoweza kumshauri. Zile za bei ya chini hutoa hewa ya moto yenye unyevu kwa bomba, na bomba hilo lazima lipelekwe nje dirishani. Ukiliacha ndani, ule unyevu wote uliokuwa kwenye shuka unauhamishia ukutani, na baada ya wiki chache utaona ukungu mweusi nyuma ya kabati. Nyingine hukusanya maji kwenye chombo unachomwaga mwenyewe. Hizo hazihitaji bomba, ila chumba kitapata joto, na Dar es Salaam haina upungufu wa joto.

Jambo jingine ni soketi. Mashine hii ichomekwe ukutani moja kwa moja. Zile waya ndefu za kuunganishia, ambazo tayari zimebeba friji na televisheni, zitayeyuka. Fundi umeme mwenye leseni aangalie waya wa nyumba kwanza, hasa kwenye majengo ya zamani ambako kila mpangaji aliongeza soketi yake.

Sasa nigeukie kamba, maana dada yetu huyu anaandika kana kwamba ana njia mbili tu, kuteseka au kununua. Nguo haikauki kwa jua peke yake. Inakauka kwa joto, upepo na hewa kavu, na kati ya hivyo vitatu upepo ndio unaosahaulika. Ndiyo maana kule Njombe na Makete mwezi wa saba, jua likiwa dogo, siku ya upepo shuka linakauka, na Dar siku ya mawingu yaliyotulia kanga nyepesi inalala mbichi. Mvua ikinyesha, hewa ya nje imeshashiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine kutoka kwenye nguo zako.

Kwa hiyo ondoa maji kabla ya kuanika. Mashine ya kufulia inayokamua kwa mizunguko 1,200 au 1,400 kwa dakika huliacha shuka likiwa na unyevu tu, na kazi hiyo inakula umeme kidogo mno ukilinganisha na kukausha kwa moto. Hata zile mashine za bei nafuu zenye mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, hufanya kazi hiyo vizuri. Ninawajua watu wanaofua kwa mikono na kutumia pipa la kukamulia tu. Asiye na mashine afanye kama mama zetu: watu wawili, kila mmoja ameshika ncha ya shuka, mmoja anazungusha kulia na mwingine kushoto. Mpe mtoto wa darasa la tano upande mmoja, ataifurahia kazi hiyo kuliko unavyodhani.

Kisha anika ndani kwa akili. Weka kianikio cha kukunjwa katikati ya chumba, si kukibandika ukutani, fungua madirisha ya pande mbili, na elekeza feni kwenye nguo. Feni ya kawaida ya wati 60 ikikesha saa nane inakula nusu uniti, chini ya Sh180. Acha nafasi ya ngumi moja kati ya nguo na nguo. Usianike chumba anacholala mgonjwa wala mtoto mwenye pumu. Unyevu unaotoka kwenye nguo unabaki hewani, ukungu unaota, na kifua kinalipa.

Na jua likichomoza, litumie. Miale yake inaua vijidudu na kuondoa harufu, kazi ambayo feni haifanyi. Geuza nguo za rangi ndani nje zisipauke. Hapa niseme neno ambalo akina mama wengi wananiandikia kwa kuzungukazunguka. Kuna nyumba ambazo chupi za wasichana na vitambaa vyao vya hedhi haviruhusiwi kuonekana kwenye kamba. Msichana anavificha chini ya godoro au chini ya kanga nzito, anavivaa vikiwa na unyevu, na anaanza kuwashwa bila kumwambia mtu. Vitambaa hivyo vifuliwe kwa sabuni, visuuzwe vizuri na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Kama baba au kaka wanaona haya, watazame upande mwingine. Ukitaka staha, funga kamba ya pili fupi nyuma ya nyumba, pasipo na njia, lakini iwe juani.

Jingine ni yule inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Anapenda kivuli na unyevu, na anataga pia kwenye mchanga. Nguo iliyotandazwa kwenye majani au ukoka, au iliyoning'inia chini ya mwembe, ndiyo anayoitafuta. Mayai yanaanguliwa, na funza mdogo anaingia kwenye ngozi ya anayeivaa nguo hiyo. Baada ya siku chache unaona jipu lenye tundu dogo katikati, na mtoto analia usiku. Wengi hudhani ni jipu la kawaida na kulikamua. Dawa ya kuzuia ni kuanika juu, mbali na ardhi na kivuli, na kupiga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono, kiuno cha chupi na mashuka ya mtoto mchanga. Mashine ya kukaushia nayo inawaua kwa joto lake, hilo niikubali.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Mtu anayelala muda mrefu upande mmoja yuko hatarini kupata vidonda vya kulalia, na shuka lenye unyevu linaiongeza hatari hiyo, kwa sababu ngozi iliyolowa inalainika na kuchubuka haraka. Hapa hatuzungumzii usafi wa kuwaonyesha wageni. Kidonda cha aina hiyo kwa mzee kinaweza kumrudisha hospitali kwa miezi. Kwa hiyo swali la dada yetu ni hili: je, kila siku ya masika ana uhakika wa shuka kavu kabisa saa kumi na moja alfajiri? Kwa maelezo yake hana. Anasema wiki iliyopita alimtandikia mama shuka lililokaushwa kwa pasi, na katikati lilikuwa bado baridi.

Kabla ya kwenda dukani, apunguze kwanza mzigo wenyewe. Juu ya godoro atandike mpira wa kitandani, juu yake shuka kubwa, na juu ya shuka, kuanzia mgongoni hadi mapajani, aweke mpira mdogo na kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili. Taulo la zamani linafaa, hata doti ya kanga iliyochoka. Likilowa, anaondoa kitambaa hicho na mpira wake, shuka kubwa linabaki. Badala ya kufua mashuka mawili kwa siku anafua vitambaa vitatu vidogo, ambavyo hata kwenye kianikio na feni vinakauka. Awe navyo angalau vinane. Fundi cherehani yeyote atavikunja pindo kwa bei ndogo.

Akishafanya hivyo kwa wiki mbili, atajua kama mashine inahitajika. Mimi ninadhani itahitajika, walau mpaka mvua ziishe, na kama fedha ipo, wanunue. Wasikaushie familia nzima. Mashine iwe ya mgonjwa, na jeans za baba na sare za watoto ziendelee na kamba. Kwa mpango huo matumizi yatakuwa mizigo miwili au mitatu kwa wiki, tena ya masika na vuli tu. Kanga, vitenge, sidiria na chochote chenye mpira kisiingie humo, kitasinyaa au kulegea. Wala kisiingie kitambaa kilicholowa mafuta ya kupikia, petroli au grisi, hata kama kimeshafuliwa, kwa sababu mabaki yake yanaweza kushika moto.

Kuhusu mwenye nyumba, hoja yake si ngeni duniani. Marekani kuna mitaa ambayo vyama vya wenye nyumba vilikataza kamba za nguo kwa hoja hiyo hiyo ya kupendeza, mpaka majimbo kama Florida, Colorado, Maine na Vermont yakatunga sheria za kumlinda anayeanika. Huku kwetu itabidi kuongea. Mume aende, tena aende yeye, kwa kuwa mkataba una jina lake. Asiombe baraza la mbele. Aombe paa, au uwanja wa nyuma, na ajitolee kununua kamba na nguzo ambazo wapangaji wote watatumia. Mwenye nyumba akiona jengo zima linafaidika bila yeye kutoa shilingi, mara nyingi hulainika. Paa likipatikana, akubaliane na jirani wa kuanua. Kwenye nyumba zetu za kupanga hiyo ndiyo bima ya nguo: mvua ikidondoka ukiwa kazini, mtu anapiga kelele “nguo jamani!”, na jioni unakuta zako zimekunjwa kwenye beseni mlangoni. Kunguru watachafua moja moja, tumeshazoea.

La wifi. Dada, usimjibu mbele za watu, na usimtumie mumeo kama tarishi. Jumapili ijayo akija, mwite kwa heshima: “Wifi, karibu chumbani kwa mama, tusaidiane kumgeuza.” Mpe ashike shuka lililolowa. Mpe beseni. Msikamue kwa haraka, ninyi wawili, kila mmoja na ncha yake, kisha umwulize aanike wapi. Kama ana kwake uwanja wenye jua, mwombe achukue mashuka mawili kila Jumapili na kuyarudisha Jumatano. Mama ni wake pia. Akikubali, umepata msaidizi. Akikataa, suala la mashine halitamhusu tena.

Na mashine ikija, kuna kichujio mlangoni kinachokamata vumbi la nyuzi. Kitolewe na kusafishwa kila baada ya mzigo mmoja, kwa mkono mkavu, kwa sababu nyuzi zikijaa mashine inachelewa kukausha, inakula uniti zaidi na inaweza kuwaka moto. Mwelekeze dada wa kazi siku ile ile ya kwanza, na mwelekeze mumeo pia, usiku wa manane mama akilowa huenda ndiye atakayeamka.