Ubatizo usingoje ukumbi

KUTOKA BARAZANI
Na Restituta Mlowe

Ukihudhuria ibada ya ubatizo pale Minara Miwili, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hapa Mji Mkongwe, utaona watoto wa marika mawili wakisogezwa kwenye kisima. Wapo wachanga wa wiki chache, wamevishwa nguo nyeupe, usingizi umewachukua. Na wapo wanaoingia kwa miguu yao, meno yamejaa kinywani, wanamkimbia padri na kung'ang'ania mshumaa. Hawa wakubwa nao ni baraka, wala sina neno nao. Neno langu ni kwa wazazi wao, hasa vijana wenye mtoto wa kwanza. Ukiwauliza kilichowachelewesha, wengi watakujibu, "Tulikuwa tunajipanga." Na kujipanga huko si kujifunza katekisimu. Ni kutafuta ukumbi, keki ya ghorofa, sare, mshereheshaji na mpiga picha.

Wiki hii nasema bila kuzunguka: mtoto asizuiwe mlangoni mwa Kanisa kwa sababu baba yake hajapata pesa ya pilau. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 867, inawataka wazazi wambatize mtoto ndani ya wiki za mwanzo za maisha yake, na wamwone paroko mapema, hata kabla mtoto hajazaliwa. Paroko anataka wazazi waliofundishwa, msimamizi anayefaa, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Karamu ni furaha yetu sisi watu wazima, na furaha hiyo ni halali kabisa, ila haina mamlaka ya kupanga tarehe ya sakramenti.

Tazama mzigo ulivyokua. Mimba ikifika miezi saba, bebi shawa. Mtoto akimaliza arobaini, sherehe ya kumtoa nje. Kila mwezi, keki ndogo na picha yenye tarakimu. Halafu ubatizo, halafu mwaka mmoja. Kila hatua ina kundi lake la WhatsApp na orodha ya michango, na aliyechanga leo atadai kuchangiwa kesho. Kijana anayefanya kazi ya mapokezi katika hoteli ya Paje au Nungwi hawezi kuubeba mzigo huu. Masika yakiingia, wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga milango kwa wiki kadhaa, na mshahara hukatika au hukonda. Mtoto hajaanza kutambaa, nyumba tayari ina madeni ya sherehe. Nimeona ndoa changa zikianza kugombana kwa ajili ya furaha ya mtoto wao wenyewe, na jambo hilo linaniuma.

Naelewa linakotoka. Familia nyingi changa za Kikatoliki hapa Unguja zina asili ya Bara. Bibi mzaa mama yuko Songea au Moshi, shangazi yuko Bukoba, na kati yao kuna bahari na nauli. Mtoto wa kwanza anazaliwa Mwembeladu au Mnazi Mmoja bila ukoo kusimama mlangoni. Wazazi wanahisi wanatakiwa kuthibitisha kwa picha kwamba mtoto wao amepokelewa vizuri. Sherehe kubwa inakuwa barua ya kwenda nyumbani: msihofu, huku tuna watu.

Lakini Ukatoliki wa kisiwa hiki tunaoujua leo ulianza na watoto waliokuwa wapweke kuliko hawa. Padri Armand Fava alifika hapa Desemba 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadri wenzake na masista, kwa idhini ya Sultani, Seyyid Majid. Mwaka 1863 kazi ikakabidhiwa kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner. Wengi wa wale waliolelewa na misheni hiyo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Walinyang'anywa mama, lugha na majina njiani, wakaletwa sokoni, na hatimaye wakafikishwa kwenye kisima cha ubatizo bila ndugu hata mmoja wa damu. Aliyesimama nyuma yao na kujibu kwa niaba yao hakuwa jamaa wa ukoo. Mwaka 1868 misheni ikavuka bahari kwenda Bagamoyo, na kutokana na chimbuko hilo imani ilienea Bara. Kwa hiyo kijana wa Moshi anayembatiza mtoto wake Minara Miwili leo anairudisha imani ile mahali ilipopandwa.

Mji huu una kisa kingine cha mtoto wa kwanza, nacho huwa kinanirudia. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa mjamzito. Alijifungua Aden, akiwa kwa familia ya Kihispania aliyoifahamu tangu huku. Mwaka uliofuata akabatizwa katika Kanisa la Kianglikana, akafunga ndoa na Mjerumani aliyezaa naye na kuanza safari ya Ulaya. Mtoto yule wa kwanza akafa njiani, kabla hawajafika Hamburg. Binti wa kasri lililojaa wanawake wenye ujuzi wa kulea alimlea mtoto wake wa kwanza bila mmoja wao. Nikimfikiria mama yule, naelewa kwamba mzazi wa mtoto wa kwanza anahitaji mikono ya watu kuliko anavyohitaji kitu kingine chochote.

Na mikono hiyo, hapa Unguja, kwa kawaida ni ya jirani Muislamu.

Hili halisemwi vya kutosha, basi nitalikalia kidogo. Mama kijana akirudi nyumbani na kichanga, anayepiga hodi asubuhi ya kwanza ni bibi wa mlango wa pili. Anamkanda kwa maji moto, anamwogesha mtoto, anamfundisha mama namna ya kumshika mtoto shingo isikatike. Anapika uji wa pilipili manga. Anatia ubani chumbani. Anamwita mama "mwanangu" na mtoto "mjukuu wangu", na hachagui maneno hayo kwa adabu tu, anayaishi usiku mtoto anapolia kwa tumbo. Siku arobaini zikiisha, yeye ndiye anayejua mtoto analala upande gani.

Siku arobaini hizo nazo ni zetu sote. Waislamu wanazihesabu, na sisi Kitabu cha Walawi, sura ya 12, kinamhesabia mama aliyejifungua mtoto wa kiume siku saba kisha thelathini na tatu. Ndiyo maana Kanisa huadhimisha Kutolewa kwa Bwana Hekaluni tarehe 2 Februari, siku arobaini baada ya Noeli. Luka anatuambia Yosefu na Maria walipompeleka mtoto wao wa kwanza walitoa sadaka ya ndege wawili. Torati iliwaruhusu watu wasioweza kumudu mwanakondoo watoe ndege wale. Familia takatifu ilitoa sadaka ya maskini na haikungoja mwaka upite ili inunue kondoo. Na waliompokea mtoto walikuwa wazee wawili waliomngojea kwa maombi, Simeoni na Ana, bila kadi ya mwaliko. Wazazi vijana, mkitaka mfano wa sherehe ya mtoto wa kwanza, mnao pale.

Sasa turudi kwa bibi wa mlango wa pili. Siku ya ubatizo hawezi kuwa mama wa ubatizo. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, mwenye umri usiopungua miaka 16 kwa kawaida, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Naikubali kanuni hiyo kwa moyo wote, maana kazi ya msimamizi ni kulea imani, na mtu hulea imani aliyo nayo. Lakini isiwe sababu ya kumsahau. Nimeona karamu za ubatizo ambamo meza ya mbele inakaliwa na mfadhili aliyefika asubuhi kwa boti kutoka Dar es Salaam, na bibi aliyemwogesha mtoto anakula sahani yake jikoni. Hilo ni kosa. Mketishe mbele. Mpe mtoto amshike mbele ya wageni wote. Taja kazi aliyoifanya kabla hujataja zawadi ya mtu yeyote.

Na msimamizi mchagueni kwa jicho hilo hilo. Sheria inaruhusu mmoja tu, mwanamume au mwanamke, au wawili, mmoja wa kila jinsia. Wazazi wengi hutafuta bosi, mheshimiwa, mtu mwenye gari. Anakuja, anapiga picha, anaacha bahasha, na mtoto anakua bila kujua sura yake. Mtafuteni mtu wa jumuiya ndogo ndogo yenu anayefika nyumbani mguu kwa mguu. Awe mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, katekista, ilimradi anasali na atakuwepo mtoto akifikia Komunyo ya Kwanza. Mama wa ubatizo anayeishi mtaa wa pili atamsaidia mtoto wako kuliko jokofu la mama wa ubatizo wa Masaki.

Kuhusu chakula, wazee wetu wa Machui na Kitope walishatuonyesha njia. Mbuzi achinjwe na jirani Muislamu, ili kila aliyekaribishwa ale bila kuuliza. Pilau ipikwe kwenye sufuria za mtaa, na pombe isiwekwe mezani siku hiyo. Wako watakaoniambia kwamba bia si dhambi kwa Mkatoliki. Ni kweli, lakini siku ya kumpokea mtoto ni siku ya mtaa mzima, na mgeni anayelazimika kuondoka mapema kwa sababu ya chupa ni hasara kubwa kuliko raha ya chupa yenyewe. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Familia zilizobatiza katika kesha au sikukuu zenyewe, kisha zikasogeza karamu hadi baada ya magharibi, zilikaa na majirani zao kwenye futari moja. Kwangu mimi hizo ndizo karamu nzuri zaidi za ubatizo nilizopata kula.

Silisemi hili la ujirani kama pambo la utalii. Tulimpoteza Padri Evarist Mushi, aliyepigwa risasi asubuhi ya Jumapili, 17 Februari 2013, akienda kuadhimisha Misa pale Mtoni, wiki chache tu baada ya Padri Ambrose Mkenda kujeruhiwa kwa risasi siku ya Krismasi huko Tomondo. Miezi ile wazazi walifikiri mara mbili kabla ya kumpeleka mtoto kanisani. Kilichotushika ni watu wa mitaa yetu, majirani waliogonga mlango kutoa pole na kuuliza kama tumekula. Mtoto anayepokelewa na mtaa wote angali mchanga anakua akijua majina ya watu hao, nao wanalijua lake.

Kuna hatua nyingine za mtoto tunazozipita bila shangwe, nazo zinastahili. Ile kadi ya kliniki imejaa sikukuu: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubella katika miezi 9, na tena miezi 18. Miezi sita ya maziwa ya mama peke yake ni ushindi wa kupigiwa vigelegele, hasa kwa mama anayerudi kazini kwa zamu. Cheti cha kuzaliwa nacho kichukuliwe mapema, maana cha ubatizo hakiwezi kushika nafasi yake shuleni. Baba akimsindikiza mkewe kliniki amesherehekea mwanawe. Na picha? Pigeni. Mji huu uliwahi kuwa na studio za Wagoa Wakatoliki, akina Gomes, Coutinho na de Lord, na picha zao za karne ya 19 bado zinatazamwa hadi leo. Ila chapisheni japo moja kwenye karatasi, mumpelekee bibi yake Songea.

Kwa maparoko wetu nina ombi. Kijana aliyehama kutoka Kiwengwa kwenda Jambiani kufuata kazi pengine hana kadi ya zaka iliyojaa wala barua ya jumuiya. Kanuni ya 848 inasema wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Mpeni katekista amfuate, na mafundisho ya wazazi yawekwe siku ya kazi jioni, kwa kuwa watu wa hoteli huwa zamu Jumapili. Na wale ambao hawajafunga ndoa bado, mtoto wao asilipishwe deni lisilo lake. Kanuni inataka tumaini la malezi ya imani, na tumaini hilo mnaweza kulijenga nao.

Nanyi wazazi mnaonisoma mkiwa na kichanga mapajani: nendeni kwa paroko wiki hii mkaombe tarehe. Pesa ikiwapo, pikeni. Isipokuwapo, chai na maandazi vinatosha, na bibi wa mlango wa pili mwalikeni kwanza.