Shabiki Hatengenezwi na Matangazo

Wako wataalamu wasemao kwamba shabiki wa mwanamuziki wa roki hutengenezwa na matangazo, kama mnunuzi wa sabuni. Kauli hii siikubali. Oktoba 1975 magazeti mawili makubwa ya Marekani, Time na Newsweek, yalitoa sura ya Bruce Springsteen katika majalada yao juma moja. Mwezi uliofuata alikwenda kuimba London. Akakuta sifa zake zimebandikwa ukumbini, akaona haya na hasira, akazibandua mwenyewe. Kama majalada ndiyo yafungayo mioyo, mbona sura nyingi zilizopata kuchapwa humo zimesahauliwa?

Kifungacho ni kingine. Baba yake Springsteen alipata kufanya kazi katika kiwanda cha mazulia mjini Freehold, na kiwanda kile kikafungwa. Mwana akaimba habari za baba aliyechoka na mji uliopoteza kazi. Kijana asikiaye nyumba yake ikitajwa hivyo, pasipo dharau, hasahau aliyeitaja. Wala Springsteen hakumwacha: tarehe 31 Julai 2012, akiwa na miaka 62, aliimba Helsinki kwa zaidi ya saa nne. Msikilizaji aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1975 alikuwa sasa na 53. Aulizwe huyo, msomi ndipo acheke.