Mpango wa Mji na Nyumba Zilizoutangulia

Mji wa Unguja si mgeni wa mipango. Mwaka 1923 mtaalamu wa Kiingereza, H. V. Lanchester, alitoa kitabu chake juu ya namna mji huu upasavyo kupangwa. Akafuatia Henry Kendall mwaka 1958, kisha wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, na baadaye wataalamu kutoka China mwaka 1982. Kila mmoja alikuja na fikira za kwao na za zama zake, akachora, akakabidhi, akaondoka. Kwa hiyo inapozungumzwa haja ya kuuhuisha mpango wa muda mrefu wa mji, swali la kwanza lisiwe nani atachora safari hii. Swali ni kwa nini mji haukuifuata michoro iliyotangulia.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana katika hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Sensa ya mwaka 2022 ikaukuta una watu 893,169, yaani karibu nusu ya watu wote 1,889,773 wa Zanzibar. Hilo ni ongezeko la watu karibu laki tatu katika miaka kumi. Tukikadiria watu watano kwa nyumba moja, zilihitajika nyumba mpya elfu sita kila mwaka, ambazo ni kama nyumba 16 kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwamo. Hatudhani kwamba yupo mpima ardhi, hata awe hodari wa namna gani, awezaye kwenda kwa kasi hiyo ikiwa kila kiwanja kitasubiri vigingi vyake, faili lake na saini zake.

Wananchi hawakusubiri. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya umma, na wakulima wakagawiwa mashamba ya eka tatu tatu wayalime. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 iliendelea kushika msingi huo wa ardhi ya umma. Lakini katika visiwa hivi, tangu zamani, ardhi ni kitu kimoja na mti ulio juu yake ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na minazi pahala ambapo uwanja si wake. Desturi hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwenye shamba huandikiana na mnunuzi kwamba amemuuzia minazi kadhaa na mwembe mmoja, mashahidi wakatia saini, na wiki ya pili fundi anachimba msingi. Kwa karatasi, imeuzwa miti. Kwa macho, pamezaliwa mtaa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mnunuzi. Kijana aliyeoa, anayelala chumba cha kupanga Ng'ambo na watoto watatu, hawezi kuambiwa angoje kiwanja cha Serikali kwa muda usiojulikana. Wala mkulima ambaye nazi zake hazimlipi tena hatashangaza akiiona thamani ya shamba lake katika matofali. Baada ya mpango wa mwaka 1982 vilipimwa viwanja vingi na wengi wakapata, lakini nyumba zilizojengwa nje ya vipimo zilivishinda viwanja hivyo kwa idadi. Mpango wa mwaka 1968 nao ulikusudia kuijenga Ng'ambo upya kwa majumba ya ghorofa. Yaliyosimama ni sehemu tu ya kusudio hilo, na yale ya Michenzani, marefu kama treni, ndiyo mashuhuri zaidi. Mipango yote miwili ilichukulia kwamba mkono wa Serikali ndio utakaogawa kila shubiri ya ardhi. Haikuwa hivyo, na hata leo sivyo.

Kuna jambo zito zaidi ya uzuri wa mitaa. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, na sehemu kubwa ya mashariki yake ni mawe. Udongo mzuri uko magharibi, na ndiko mji unakoelekea: Bububu kwa upande wa kaskazini, Mwera kwa mashariki, Fuoni, Tomondo na Kisauni kwa kusini, mpaka Fumba. Kwa maneno mengine, tunajenga juu ya mashamba yetu bora na kandokando ya mabonde yetu ya mpunga. Tunajenga pia juu ya maji yetu. Mji huu haunywi maji ya mto wala ya ziwa. Unakunywa maji ya chini ya ardhi, ya chemchem za Mtoni na Bububu na ya visima, na msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa sababu hiyo hasa. Pale ambapo nyumba zimebanana, shimo la choo cha nyumba moja na kisima cha nyumba ya pili huweza kutenganishwa na hatua chache tu. Na pale ambapo bonde limejengwa, mvua za masika hurudi kudai njia yao. Wakaazi wa Mwanakwerekwe hawahitaji kuelezwa hilo, kwani wameliona ziwa lao likipanda mpaka barabarani na majumbani.

Yafaa tuutazame pia Mji Mkongwe. Mwaka 1985 uliundiwa mamlaka yake, mwaka 1994 ukapata mpango wake wa hifadhi, na mwaka 2000 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mpango huo ulikuwa na mipaka inayojulikana na chombo cha kuulizwa, na kwa hivyo umekuwa na nguvu zaidi ya mingine. Hata hivyo sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Disemba 2020. Karatasi haishikilii boriti, na mamlaka bila fungu la kutosha la matengenezo hubaki kuwa shahidi. Ng'ambo, wanakoishi watu wengi zaidi, ilikaa muda mrefu bila hata ushahidi huo, mpaka Idara ya Mipango Miji na Vijiji ilipoanza kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, ambayo ilianza kwa kuwauliza wakaazi wenyewe. Jina lile peke yake lilikuwa hatua.

Maoni yetu ni kwamba mpango utakaohuishwa uchore machache na uyalinde. Njia za barabara kuu, mikondo ya maji ya mvua, maeneo ya chemchem na visima, na viwanja vya skuli, zahanati na makaburi: hivyo vipimwe na vitiwe vigingi kabla ya nyumba kufika, huko Mwera na Fumba na kwingineko ambako bado pana nafasi. Kinachobaki wananchi watakijaza wenyewe, kama wanavyofanya sasa, ila watakijaza wakijua wapi wasiguse. Gharama ya kutia vigingi katika shamba tupu ni ndogo sana ukiilinganisha na fidia ya kuvunja nyumba mia moja ili mtaro upite.

Vigingi hivyo lazima vimfunge kila mtu, na taasisi za umma ziwe za kwanza kufungwa. Kiwanja cha mpira kinapogeuzwa maduka kwa ruhusa, mwananchi aliyejenga bondeni bila ruhusa hana wa kumsikiliza anapoambiwa avunje. Manispaa tatu za mkoa huu nazo zinapaswa kusoma ramani moja, kwa kuwa maji ya mvua hayaulizi mpaka wa wilaya.

Tena ramani hiyo isifungiwe maofisini. Sheha ndiye anayejua nani anauza minazi yake na kwa nani, na mara nyingi yeye ni shahidi wa maandikiano. Kila sheha apewe nakala ya eneo lake, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani, na pasiwe na saini yake katika karatasi yoyote ya miti iliyomo ndani ya mistari iliyokatazwa.