Silaha Isiyotekwa na Adui

Mabishano juu ya viumbe vilivyobadilishwa chembe za urithi yangali yanaendelea katika nchi nyingi. Wako wanaovisifu vyote, na wako wanaovilaani vyote. Sisi twaona kwamba hapana budi kuuliza kwanza: kilichobadilishwa ni kitu gani, na kwa madhumuni gani? Kisa cha Australia chafaa kutuongoza.

Upo ugonjwa wa uvimbe unaoshambulia mipichi, milozi na mawaridi. Bakteria wa udongoni huingia penye jeraha la mzizi au shina, akapenyeza sehemu ya chembe zake za urithi ndani ya mmea. Tangu hapo mmea huota uvimbe na kumtengenezea adui chakula chake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Profesa Allen Kerr na wenzake wa Taasisi ya Waite, mjini Adelaide, walionyesha kwamba bakteria asiye na madhara, aitwaye K84, aweza kuikinga miche inapochovywa katika maji yenye bakteria huyo kabla ya kupandwa. K84 hutoa sumu iitwayo agrosini 84. Adui huipokea kwa mlango ule ule anaopitishia chakula chake. Ikisha kuingia, huzuia utengenezaji wa protini, naye hufa.

Hata hivyo, silaha hiyo ilikuwa na kasoro. Maagizo ya kuunda sumu na ya kujikinga nayo yamo katika duara moja dogo la urithi, yaani plasmidi, nayo plasmidi yaweza kuhama toka bakteria mmoja hadi mwingine. Adui akiipata, ameteka bunduki pamoja na ngao. Mwaka 1979 wataalamu wa Ugiriki walieleza dalili za kinga hiyo kuvunjika.

Wanasayansi wa Adelaide hawakuongeza ukali wa sumu. Walikata sehemu ya plasmidi inayoiwezesha kuhama, wakaacha uwezo wa kushambulia na kujikinga. Bakteria huyo mpya, K1026, alitangazwa mwaka 1988, kisha akaruhusiwa kuuzwa nchini humo, akiwa miongoni mwa vijidudu vya kwanza duniani vya uhandisi wa urithi kuuzwa kwa ajili ya kulinda mimea.

Askari aliyepata kulinda ghala la silaha ataielewa hekima hiyo mara moja: nguvu ya silaha haina maana iwapo yaweza kugeuzwa dhidi ya mwenyewe. Yafaa pia tukumbuke kwamba K1026 hukinga tu, hatibu mche uliokwisha kuambukizwa, wala hamshindi bakteria wa uvimbe wa mizabibu.

Basi kiumbe kama hiki kisihukumiwe kwa jina lake. Polisi hupeleleza kabla ya kushtaki. Na sheria za urithi wa viumbe nazo zipime kila kiumbe kwa matendo yake.