Ujira wa Mbeba Chakula

Mnamo Oktoba 2008, hakimu wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliuamuru mkahawa wa Saigon Grill uwalipe watumishi 36, wahamiaji wa Kichina waliokuwa wakipeleka chakula majumbani mwa watu, jumla ya dola milioni 4.6, baada ya kuthibitika kwamba walitumikishwa kwa saa nyingi mno kwa ujira ambao aghalabu haukufika hata dola 2 kwa saa. Tena, ajabu ya maajabu, watu hao hao walitozwa faini hata kwa kuuachia mlango ujibamize!

Wako wasemao kwamba kumshitaki tajiri ni kukosa shukurani kwa aliyekupa riziki. Nami sikubaliani nao hata chembe, kwani ujira uliokwisha kutolewa jasho si fadhila ya tajiri, bali ni amana iliyo mikononi mwake. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ilikuwako Marekani tangu mwaka 1938, walakini haikuingia jikoni humo kwa miguu yake, hata walipoibeba wenyewe wale waliofukuzwa kazi mwaka 2007 kwa kudhamiria kushitaki.