Mtungi wa gesi peke yake hautoshi

Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tangu hapo tumezoea kuona mitungi ya kilo 6 ikitolewa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na mafanikio yakitangazwa kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa. Ni kazi inayostahili kuungwa mkono, kwa sababu moshi unaua: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Lakini kuna jambo tunalolipa kisogo, nalo ni jiko lenyewe. Hakuna anayeuliza lina hali gani mwaka mmoja au mitatu baada ya kuingia jikoni. Msimamo wangu ni kwamba kusafisha na kutunza jiko la gesi si suala la mtu kupenda vyombo ving'ae. Ni sehemu ya sera hii, na tukiendelea kuiacha nje, faida tunayoitafuta kwa gharama kubwa itatuponyoka.

Anayetaka ushahidi autazame moto. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu, umetulia na hauachi masizi. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ujazo mmoja wa propani huhitaji takriban ujazo 24 wa hewa ili iungue yote. Butani huhitaji takriban 31. Jiko la nyumbani halina pampu ya kuvuta hewa yote hiyo. Gesi hutoka kwa kasi kwenye jeti, tundu dogo lisilofika upana wa milimita moja, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kupitia uwazi ulio nyuma yake, kisha vikachanganyika na kutokea kwenye matundu ya kichwa cha jiko. Uwazi huo ukijaa vumbi na mafuta, au matundu yakiziba nusu, uwiano wote unaharibika. Moto unakuwa wa njano na kurukaruka, sufuria zinashika masizi, na gesi isiyoungua vizuri inazalisha kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia iliyoacha mkaa ili kuikwepa sumu hiyo inaikaribisha tena, safari hii katika jiko la ndani ambalo madirisha yake ya alumini hufungwa muda mwingi. Wakati huohuo chakula kinachelewa kuiva, na mtungi wa kilo 15 unaojazwa kwa zaidi ya shilingi 50,000 unaisha mapema. Wengi humlaumu muuzaji kuwa amewapunja, kumbe gesi inapotea palepale jikoni.

Goba, jijini Dar es Salaam, inalionyesha jambo hili waziwazi. Kata hii, iliyokuwa chini ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, ina nyumba mpya kila upande na ujenzi hauishi. Malori ya mchanga na matofali hupita kutwa kwenye barabara za ndani ambazo nyingi ni za vumbi, na vumbi hilo huingia jikoni likagandana na mafuta ya kukaangia. Ongeza maharage yaliyofurika na uji uliomwagika. Ukinyanyua kichwa cha jiko la pleti mbili lililopikiwa miezi kadhaa bila kufunguliwa, utakuta matundu ya upande ule sufuria inakofurikia yamezibwa na ukoko mweusi, mgumu kama lami. Kuuondoa hakuhitaji utaalamu. Funga mtungi, acha jiko lipoe, toa vichwa, viloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, visugue kwa mswaki uliochakaa, kisha zibua tundu moja moja kwa pini au waya mwembamba. Njiti ya kiberiti haifai, maana hukatikia ndani. Vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha, kwa kuwa maji yanayobaki huufanya moto uteme na chuma kishike kutu. Jeti isichokonolewe kwa nguvu: tundu lake likipanuka, gesi hupita nyingi kuliko kipimo kilichokusudiwa.

Matunzo yana upande mwingine ulio mzito zaidi, nao ni mpira na regyuleta. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hushuka sakafuni na kujikusanya chini ya makabati, ambako cheche moja ya swichi au ya friji inatosha kuilipua. Ndiyo maana hutiwa harufu kali, ili pua iwahi kabla ya moto. Mpira nao hukakamaa kwa joto na mafuta, halafu hupasuka karibu na kibano, mahali ambapo ni nadra mtu kupatazama. Kipimo chake ni povu la sabuni: mtungi ukiwa umefunguliwa na jiko limezimwa, pakaza povu kwenye maungio yote, panapotoa mapovu, gesi inavuja. Kiberiti hakitumiki kupima gesi hata siku moja. Kwa mkazi wa Goba hoja hii ina uzito wa pekee. Eneo lina vilima na makorongo, na njia nyembamba zinazoishia kwenye geti la mtu. Gari la Zimamoto, hata kama 114 imepigwa dakika ileile, litachukua muda kuifikia nyumba inayoungua. Kinga ya kweli lazima iwe imeshafanyika kabla simu haijapigwa.

Wapo watakaosema gesi ni hatari, asiyeijua asiiguse, kazi hiyo aachiwe fundi. Ninakubaliana nao kwa sehemu. Vavu inayovuja, regyuleta mbovu au jiko linaloendelea kunuka gesi hata baada ya mpira kubadilishwa, hayo ni ya fundi. Lakini fundi huitwa jiko likigoma, ilhali povu linahitajika kila mtungi unapobadilishwa, na ukoko hauhitaji cheti. Wengine watasema huku ni kumwongezea mzigo mama au dada wa kazi. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kugawana kazi. Baba anayekagua maji na oili ya gari lake kabla ya safari anaweza kukagua mpira wa gesi. Na dada aliyelelewa kwenye mafiga, akikabidhiwa jiko siku ya kwanza bila kuelekezwa, amewekwa katika hatari ambayo dhamana yake ni ya mwajiri.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema mitungi kwanza, mengine baadaye. Mamilioni bado wanapikia kuni na mkaa, kwa hiyo, wanasema, kudai mafunzo ni kuwachelewesha. Sioni hivyo. Kuonyesha namna ya kupima kwa povu na kusafisha kichwa cha jiko huchukua dakika kumi, palepale mitungi inapogawiwa. Kinachochelewesha safari ya nishati safi ni mtu aliyepewa mtungi, akauogopa au akaona unaisha haraka, akaurudisha uvunguni na kurudi kwenye mkaa. Mtungi huo unabaki kwenye takwimu za mafanikio ingawa haupiki chochote.

Njia ya kuanzia ipo tayari. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inawataka wauzaji wa gesi kuwa na mizani ili mnunuzi apimiwe mtungi wake. Iongeze sharti la pili: kila anayenunua mtungi wa kwanza aonyeshwe kwa vitendo jinsi ya kuufunga, kuupima na kulisafisha jiko. REA iweke onyesho hilo ndani ya kila ugawaji wa ruzuku, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ifundishe mafundi wa majiko ya gesi mitaani, na ofisi za serikali za mitaa zitenge muda wa somo hili kwenye mikutano ya wakazi. Mwaka 2034 tusihesabu mitungi tu. Tuhesabu pia nyumba ambazo moto wake bado ni wa bluu.