Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo iliwalenga wavivu waliotafuta kisingizio cha kulikwepa shamba, na kwa hilo hatuna ugomvi nayo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayeingia katika maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi akiwa na fedha za mkopo mfukoni, au za ng'ombe aliyeuzwa nyumbani, hana budi kuipindua. Jembe lake ni kipakatalishi. Akikosea kulichagua, hana fedha za kununua la pili, na tasnifu haimngoji.

Swali lisikikalo mabwenini aghalabu ni hili: kampuni ipi ni bora, HP, Dell, Lenovo au Apple? Naona swali hili limeulizwa kinyume. Majina ya kibiashara huuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyinginezo. Compaq, lililokuwa jina kubwa, lilimezwa na HP mwaka 2002. ThinkPad ilizaliwa na IBM mwaka 1992, kisha ikahamia kwa Lenovo ya Uchina mwaka 2005. Toshiba, iliyosifika kwa vipakatalishi tangu miaka ya 1980, ilijiondoa kabisa katika biashara hiyo mwaka 2020. Anayetegemea jina pekee huenda anategemea sifa za watu waliokwisha kuondoka.

Lenye uzito zaidi ni safu ya bidhaa ndani ya kampuni yenyewe. Kampuni moja hutengeneza mashine za aina mbili kwa wakati mmoja. Zipo za bei nafuu zinazokusudiwa wanunuzi wa nyumbani, ambazo aghalabu huwa na gamba jepesi la plastiki na bawaba hafifu. Zipo pia zilizoundiwa maofisi: EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo. Hizi huwa na bawaba imara na kibodi inayostahimili uandishi wa kutwa, na kampuni hutoa miongozo ya kuzifungua na kuzitengeneza. Maofisi ya ng'ambo yanapozibadilisha baada ya miaka michache, nyingi hutufikia kama mitumba. Kwa kuwa ofisi hununua modeli ileile kwa wingi, vipuri vyake hupatikana na mafundi wetu huzifahamu. Kwa maoni yangu, mashine ya aina hiyo iliyokaguliwa vyema humfaa mwanafunzi kuliko mashine mpya dhaifu ya bei iyo hiyo.

Lakini hata kabla ya safu, sharti tulitazame shamba. Mwanafunzi wetu huandika insha na tasnifu, husoma makala za PDF, hutafsiri, hunakili rekodi za nyanjani na, akiwa mwanafonetiki, huchanganua sauti kwa Praat, programu ya bure iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayodai kadi ghali ya michoro kama ile ya wacheza michezo. Zinachodai ni kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 8, diski ya SSD ya gigabaiti 256 badala ya diski ya kuzunguka inayodhurika ikianguka, na kibodi isiyochosha vidole. Skrini nayo iwe na uangavu wa 1920 kwa 1080. Mfasiri anayeweka matini chanzi na matini lengwa ubavu kwa ubavu atabanwa sana na skrini ya 1366 kwa 768, na msomaji wa picha za miswada ya hati za Kiarabu atazikosa nukta.

Lugha yenyewe haitudai kibodi maalumu. Ritifaa ya kawaida yatosha kutuandikia ng'ombe na ng'ambo. Kero tunazozilalamikia zinatokana na programu: mistari myekundu chini ya kila neno, au kitenzi kishirikishi "i" kugeuzwa kuwa herufi kubwa kwa kudhaniwa ni Kiingereza. Dawa yake ni kubadilisha lugha ya uhariri katika programu, wala si kununua mashine nyingine.

Penye mitumba pana mitego. Muuzaji hupenda kutaja i7 kana kwamba ni cheo. Mwanafunzi na atazame tarakimu inayofuata. Core i7-6600U ni ya kizazi cha sita na ina viini viwili. Core i5-8250U ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne. Hapo mdogo amemshinda mkubwa. Tofauti hii imezidi uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10, kwani Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Fauka ya hayo, betri ikaguliwe papo hapo. Amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo uliosalia. Kila kibonye kibonyezwe, kila tundu lijaribiwe. Asiyefanya hivyo ameuziwa mbuzi guniani.

Yupo atakayesema kuwa kipya kina dhamana. Ni kweli, na mwenye uwezo asikidharau. Ila aulize dhamana hiyo inatekelezwa na nani, wapi na kwa muda gani. Yupo pia atakayesema kwa kejeli kuwa mtu wa Kiswahili anaandika tu, basi chochote kitamtosha. Kauli hii naipinga. Kuandika ndiyo kazi, na kazi hiyo hufa pamoja na diski iliyoharibika. Asiye na fedha za kutosha bado ana njia: mfumo wa Linux na programu ya LibreOffice huendesha hata mashine kongwe bila malipo. Tusisahau kuwa mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wenzetu walithubutu kuinoa zana yenyewe; sisi tunashindwaje hata kuichagua?

Rai yangu kwa wanachama ni kwamba tusiende dukani na jina la kampuni midomoni. Twende na orodha ya kazi zetu, tuulize safu, kizazi na vipuri, na tuulize kwa Kiswahili sanifu hadi muuzaji ajibu. Mkulima hodari hulijua shamba lake kwanza, ndipo akaligusa jembe.